Kurasa Kumi na Moja Alizozitoa Eunike

Eunike Prosper hakufukuzwa chuo. Hilo liwekwe sawa kabla ya mengine yote, kwa sababu kuna watu hapa Kijenge, na hata kule Elerai, wasiojua chuo chenyewe kina geti upande gani, wanaolieleza jambo hili kana kwamba walikuwepo. Hakufukuzwa. Hakuandikiwa kazi na mtu, wala hakuiba maneno ya mtu. Hakurukwa na akili kwa kusoma sana, kama alivyosema mama mmoja ambaye mwanawe alichanganyikiwa bila kusoma chochote. Jina lake bado limo katika orodha ya wanafunzi wa uzamili wa isimu na fasihi linganishi, na anayetaka kuhakikisha aende idarani akaulize, avae viatu vya heshima.

Kilichotokea ni kwamba mwezi Juni, siku nane kabla ya kukabidhi tasnifu yake, Eunike alitoa humo kurasa kumi na moja, na hizo ndizo zilizokuwa zimeibeba kazi nzima. Alizitoa mwenyewe. Na kama yupo wa kulaumiwa, si yeye.

Mama yake ni Mwalimu Hanna, aliyefundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Machame aliyeolewa Meru, mjane wa marehemu Prosper wa Kikwe. Watu humwita mwenye maringo. Yeye huona kwamba ana mgongo ulionyooka tu. Siku ya kumzika mumewe alijiwekea neno moja moyoni, kwamba jina la Prosper halitatajwa na mtu akicheka.

Eunike aliporudi nyumbani kuandika tasnifu, mama yake alimpisha meza ya kulia chakula, yeye na wageni wakawa wanakula sahani zikiwa magotini. Kila sura ilipokamilika aliisoma na kalamu nyekundu mkononi.

"Mama, hii si insha ya kidato cha pili."

"Ndiyo maana sijakupa alama."

Eunike alikuwa ameshika jambo la pande zake zote mbili. Isale ni lile jani refu la kijani lipandwalo mipakani na penye makaburi, na Wameru na Wachaga wote wanaijua kazi yake. Mtu aliyemkosea mwenzake hulifunga fundo, akalipeleka kwa mikono miwili, akasema kosa lake. Aliyekosewa akilipokea amesamehe, na neno lile halitajwi tena na yeyote aliyekuwepo. Eunike alitaka kulinganisha jinsi maneno hayo yanavyopangwa Meru na yanavyopangwa Machame: nani hutajwa kwanza, mtu hunyamaza wapi, hulizunguka kosa mara ngapi kabla ya kulishika. "Ni kitabu cha kwa baba na kwa mama," alisema, na Mwalimu Hanna akalibeba hilo jumuiya nzima, akalirudia mpaka wenzake wakalijua kama sala.

Sura ya kwanza ikaja, ya pili, ya tatu. Ya nne haikuja.

"Naisafisha, mama."

Wiki ya kwanza aliamini. Wiki ya pili aligundua kwamba akipita na chai, kompyuta inafunikwa. Wiki ya tatu akaanza kupita na chai isiyoombwa. Mtoto yule hakuwahi kumficha kitu tangu darasa la kwanza, na sasa alikuwa anamficha karatasi. Mwalimu Hanna alijaribu kujiambia kuwa ni mchumba. Mchumba angekuwa afadhali.

Jumanne moja Eunike alikwenda chuoni kuonana na msimamizi wake, Dk. Evelyn, akaacha bahasha ya kaki mezani, imetoka steshenari siku iliyopita. Mwalimu Hanna aliichukua ili afute meza. Akasoma ukurasa wa kwanza amesimama. Wa pili aliusoma amekaa.

"Matini ya Tatu," iliandikwa. "Mtoaji: mwanamume, miaka hamsini na minane, mkulima, Kikwe. Mpokeaji: mjane, shemeji yake, mwalimu mstaafu. Mahali: sebuleni, Arusha." Chini yake ilikuwa mistari mia moja na minne yenye namba, Kimeru kushoto na Kiswahili kulia. Alama ndogo zilionyesha kila mahali mtoaji alipovuta pumzi. Mstari wa sitini na mbili ulionyesha alipolia. Mstari wa tisini mpokeaji alisema, "Nimepokea."

Hakuhitaji jina. Aliyasikia maneno yale kwa sauti ya mwenyewe, Bariki, mdogo wake Prosper, alivyokaa ukingoni mwa kiti cha dirishani mwaka mmoja baada ya mazishi, jani mikononi, kofia chini. Ni wajane wangapi wa Kikwe waliostaafu ualimu, wenye shemeji wa umri huo? Hata kuku wa Kikwe wangejua.

Eunike alirudi saa kumi, mvua ikiwa imemlowesha mabega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Aliiona bahasha. Hakukaa. "Hakuna jina humo, mama."

"Kuna mjane, kuna mwalimu, kuna Kikwe. Ungeweka na picha."

"Naweza kuitoa Kikwe, niandike Meru."

"Na mimi utanitoa wapi?"

Ndipo Eunike akakaa, akaeleza kwa sauti ya mtu aliyelizoea jambo peke yake kwa muda mrefu. Alikuwa na matini kumi. Tisa zilikuwa za wazee walioombwa wakumbuke, wakakumbuka, lakini walikuwa wanakisemea kinasa sauti. Hakuna aliyemsamehe mtu. Hii ilikuwa hai. Dk. Evelyn alisema hajawahi kuletewa kitu kama hiki na mwanafunzi, na kwamba bila hii kazi haina uti wa mgongo. Mwisho wa kukabidhi ulikuwa tarehe thelathini Juni. Idara ilikuwa inatafuta mhadhiri msaidizi, na nafasi ile ilikuwa ya watakaohitimu Novemba tu.

"Kinachobaki ni fomu za ridhaa," alisema. "Ya baba mdogo na ya kwako. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Zikishakabidhiwa zinakwenda wapi?"

"Maktaba. Na mtandaoni. Siku hizi zote zinawekwa mtandaoni."

"Nani alikuruhusu kuturekodi?" Mwalimu Hanna aliuliza, na swali halijatua alikuwa amekwisha kujijibu. Eunike alimtazama tu. Mtoto yule amelelewa.

Aliyeruhusu alikuwa yeye mwenyewe, mama. Siku ile Bariki alipopiga hodi, na jani likaonekana dirishani, Mwalimu Hanna alimnong'oneza binti yake, wakati huo amemaliza tu shahada ya kwanza: "Washa simu yako, iweke juu ya kabati. Asije akayaruka kesho." Usomi ndio uliomtuma. Alizoea hati, alizoea sahihi na shahidi. Mbele ya jani lisilohitaji hati yeye aliweka ushahidi. Aliposema amepokea, mdomo ulipokea, na juu ya kabati simu ilikuwa inasikiliza. Bariki hakujua. Miaka ikapita, Mwalimu Hanna akasahau kabisa, au alijisahaulisha, mpaka Eunike alipohamisha vitu vya simu ya zamani na kukutana na sauti ile.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilikuwa na hofu kama nyumba yenye mgonjwa. Simu ikilia, Mwalimu Hanna aliitazama kwanza. Alihesabu siku kwenye kalenda ya dayosisi iliyotundikwa jikoni, na kila siku iliyopungua ilimuuma mara mbili, mara moja kwa ajili ya Bariki, mara moja kwa ajili ya mtoto. Kama kurasa zingebaki, shemeji yake, mzee wa kanisa na mwenye wajukuu, angesomwa na kila mwenye simu. Kama zingetoka, Eunike angeanguka mbele ya watu walewale waliokwisha kusikia kutoka kwa mama yake kwamba hakuna wa kumfikia. Alitamani mtoto aamue. Mara hiyohiyo aliogopa ataamua nini.

Jumapili baada ya ibada alisimama kwenye mnada nje ya kanisa, pale zinaponadiwa sadaka za wasiokuwa na fedha, mayai, ndizi, jogoo mmoja mwenye hasira. Alikuwa amefika bei kwenye kabeji. Evaresta, ambaye mumewe Dismasi ndiye mwenye steshenari, akapaza sauti.

"Mwachieni Mwalimu kabeji jamani. Mtoto anaandika kitabu cha siri za ukoo, kikitoka nani atawaalika chakula?"

Watu wakacheka. "Anaandika tasnifu," Mwalimu Hanna alisema.

"Ndiyo hiyohiyo. Dismasi anasema mashine ilikwama ukurasa mmoja, akauvuta, akaona mwanamume mzima analia kwa namba. Sitini na mbili, eti." Evaresta akamsogelea. "Ni nani huyo, Mwalimu? Maana Kikwe tunaijua."

"Dismasi analipwa achape au asome?"

"Vyote, kama karatasi imekwama."

Mwalimu Hanna alilipa, akaondoka wima kama alivyokuja. Alipofika nyumbani ndipo alipoona mikono yake mitupu. Kabeji ilibaki mezani kule.

Alhamisi Bariki akapiga simu. Hakuuliza hali ya mvua wala ya ng'ombe. "Shemeji, nimesikia neno kwa mtu wa nje. Sikutaka kuliamini hivyohivyo. Jumamosi nakuja mjini."

"Usije," alisema. "Tutakuja sisi."

Alikaa na simu mkononi. Neno lililofunikwa na isale lilikuwa limefunuliwa, na aliyelifunua alikuwa yuleyule aliyelipokea. Hilo kwa Wameru ni zito kuliko kosa la kwanza, na kwa Wachaga pia. Hapakuwa na barua ya kuandika wala kikao cha kuitisha. Palikuwa na jani moja tu, na safari hii ilikuwa zamu yake kulibeba, yeye ambaye katika maisha yake hajawahi kumpelekea mtu jani.

Ijumaa jioni alikata isale penye uzio, akaleta mezani. Hakujua kulifunga. Eunike akalichukua, akalipiga fundo mara moja, vidole vyake vikijua.

"Nitasema nini?" mama akauliza. "Kimeru changu ni cha sokoni."

"Anza na waliotangulia. Kisha mtaje baba. Kisha kosa. Usilizunguke sana, mama. Machame mnazunguka sana, nimehesabu."

"Nisikilize basi, na ushike kalamu nyekundu."

Alisema. Eunike akasahihisha, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu hakusahihisha, akageuza uso. Hakukuwa na simu mezani. Mwalimu Hanna aliangalia, na juu ya kabati pia aliangalia.

Asubuhi, wakati wa kuondoka, alimwona Eunike akiingiza fomu mbili kwenye mkoba. Njia nzima hadi Kikwe, ukungu wa Juni ukiwa umeufuta mlima, alikuwa akiutazama mkoba ule kuliko jani alilolishika.

Alichoogopa ni Bariki kuliona jani mapema. Mtu akiletewa isale hawezi kulikataa, ila anaweza kupita mlango wa nyuma aende shambani asirudi mpaka wageni wachoke. Bariki alikuwa uani akipukuchua mahindi na mkewe Elizabeth. Akaliona. Akasimama, akatazama upande wa shamba, kitambo. Halafu akafuta mikono kwenye suruali.

"Shemeji," akasema, "hilo jani umelishika kama chaki."

Elizabeth akaleta kigoda. Mwalimu Hanna hakukalia.

Maneno aliyoyasema pale uani hayaandikwi. Kosa lake limeelezwa hapa kwa ruhusa ya aliyelipokea, ili mtoto asibebeshwe mzigo usio wake. Maneno yenyewe yamebaki Kikwe. Inatosha kujua kwamba Kimeru kilimwishia katikati, akamalizia kwa Kichaga, na kwamba Bariki hakulipokea haraka. Alisimama mikono ikining'inia mpaka mahindi yakaanza kuliwa na kuku na hakuna aliyewafukuza. Pumzi za Mwalimu Hanna zilikuwa zinahesabika. Ndipo Bariki akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimepokea."

Chai ikaletwa, na ndizi za kuchemsha. Walikula wakiongea habari za bei ya maharage. Bariki akaweka kikombe chini, akamgeukia Eunike.

"Na shule yako? Wanasema kuna karatasi inataka sahihi yangu."

Eunike akauvuta mkoba karibu.

"Kama ipo, ilete. Miaka yangu imekwenda. Sitaki ije isemwe mimi ndiye niliyemzuia mtoto wa Prosper."

Elizabeth akainamisha kichwa. Hapo palikuwa na kila kitu: sahihi, tasnifu, Novemba, ile nafasi ya kazi. Ni kufungua zipu tu. Na mtu yule alikuwa anatoa kwa moyo, au alikuwa anatoa kwa kuwa jani lilikuwa bado mapajani mwake na hakuona njia ya kukataa. Hata Mwalimu Hanna, aliyemfahamu miaka thelathini, hakuweza kujua. Mkono wa Eunike ulikuwa juu ya mkoba. Ulikaa hapo. Mama yake alitaka kusema "usitoe", alitaka kusema "toa", na hakusema lolote, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ni karatasi ya jambo lililokwisha, baba mdogo," Eunike akasema. Akatoa simu badala yake. "Sauti yako iko hapa, na kwenye kompyuta nimekwisha kuifuta jana. Hii naomba uifute mwenyewe."

Bariki akaishika simu mbali na macho. Kidole chake, kinene cha jembe, kilikosea mara mbili. "Inauliza kama nina hakika."

"Unayo?"

"Nilikuwa nayo tangu siku ile," akasema, akabonyeza.

Jumatatu Eunike alikwenda kwa Dk. Evelyn na tasnifu iliyopungua kurasa kumi na moja. Msimamizi aliifunua, akafika pale, akavua miwani. Alimwambia kwamba uamuzi wake ni halali, na kwamba sura ya nne haisimami. Yote mawili ni kweli. Eunike akaomba mwaka mmoja zaidi, akapewa. Ile nafasi ya mhadhiri msaidizi imechukuliwa na mwingine, kijana wa Mwanza, na Mwalimu Hanna amemwombea mema, kwa shida.

Sasa mtoto yuko Machame kwa wajomba, anaanza upya. Wazee wanampokea vizuri, wanasema naye siku nzima, na anapofika kwenye jani lenyewe wengi wanaomba azime mashine. Anaizima. Ameandika kwamba labda sura ya nne itakuwa juu ya hapo wanapoomba azime, lakini hana uhakika kama itakubaliwa, na sauti yake kwenye simu si ya mtu aliyetulia. Kalenda ya dayosisi bado iko jikoni, na Mwalimu Hanna bado anahesabu.

Alikwenda pia kwa Dismasi, akadai kila kilichobaki kwenye mashine yake. Dismasi alimfungulia kompyuta, akamwonyesha folda tupu, akaapa. Mwalimu Hanna alitazama kile kioo muda mrefu. Anajua kusoma vitu vingi, ila hicho hakukiweza. Hajui hadi leo kama pale palikuwa patupu kweli.

Jumapili iliyopita alikuwa tena kwenye mnada. Evaresta akaja na kabeji kubwa ameikumbatia. "Mwalimu, ile yako ya siku ile iliozea kwangu, chukua hii. Tusiwe na neno."

"Asante."

"Lakini kwa vile yamekwisha," Evaresta akaendelea, bado ameishika kabeji, "hebu niambie mimi tu. Shemeji yako alikuwa amekosa nini hasa?"

Mwalimu Hanna akaichukua kabeji mikononi mwake.

"Halisemwi," alisema. "Na halitasemwa."